Rangi Mpya ya Injini ya Baba Mkwe

Kaka uko wapi? Nitafutie pa kujificha.

Unakumbuka ile injini ya boti ya baba mkwe, kuukuu, niliyoipaka rangi wiki iliyopita ili anione mkwe wa maana?

Basi tangu nimrudishie, inachemka. Maji ya kupoza hayatoki kabisa kwenye kile kitundu cha nyuma. Leo nimeitwa.

Nikaifunga kwenye pipa la maji pale uani, nikakunja mikono ya shati. "Hii ni pampu tu." Nikafungua pampu. Nzima! Nikasema basi ni thamostati. Nzima! Ukoo mzima umevuta viti, mimi nimejaa grisi mpaka masikioni.

Nikaiwasha tena, maji hamna. Kaka, nikalitazama lile pipa nikasema, tena kwa sauti, "Baba, maji ya huku ni mazito."

Maji mazito! Sijui niliyatoa wapi maneno hayo.

Mzee akazima injini, akazamisha mkono kwenye pipa, akapapasa pale inapovutia maji. Akaanza kubandua kitu kwa ukucha. Taratibuuu.

Selotepu, kaka. SELOTEPU. Niliyoibandika mimi mwenyewe ili rangi isiingie kwenye matundu, halafu nikaisahau na kuipaka rangi juu yake!

Akawasha. Maji yakaruka chwaa, mpaka usoni kwangu.

Mke wangu akakimbilia ndani kucheka.

Mzee akaikunja ile selotepu, akanitilia kwenye mfuko wa shati, akanipigapiga begani. "Lakini rangi umepaka vizuri, mwanangu. Haijaacha hata tundu."