Kamanda Asiyeingia Tunduni

Jumatatu, 3 Machi

Binti wa kaka kaleta kiboksi. Wanajeshi watatu wa kifaru, wa plastiki, vipande vipande: kamanda, mpiga mzinga, dereva. Wa kisasa hasa — fulana nzito za kuzuia risasi, kofia zenye spika masikioni. Hata mmoja hafiki urefu wa kidole changu cha mwisho. Kifaru chenyewe kaka alikiunga zamani, kabla mikono yake haijaanza kutetemeka. Miaka yote kiko juu ya kabati, kitupu.

"Shangazi, wewe ndiye mwenye mikono," akasema. Kweli. Miaka thelathini nimetengeneza meno ya bandia! Jumapili anamchukua baba yake wakaishi wote, mbali. Nataka kaka aondoke na kifaru chenye watu. Na kabla hajaondoka aniite jina langu, hata mara moja. Tangu mwaka uanze mimi ni "nesi" tu.

Jumatano, 5 Machi

Dereva tayari. Macho nimeyachora kwa brashi ya nywele tatu, pumzi nimebana. Nikamwonyesha kaka, maana yeye kaendesha vifaru vya kweli miaka kumi na tisa. Akamgeuzageuza. Eti dereva hakunji mikono ya shati, chuma cha ndani kinaunguza. Halafu akauliza chai yake iko wapi. Anayo mkononi!

Nikakumbuka kifaru chetu cha kwanza. Boksi la friji. Kaka alikata tundu juu, akanipa ukamanda. Nyumbani waliniita Kibonge, na si bure — nikakwama kiunoni, miguu inaning'inia ndani. Watoto wa mtaa hawana mbavu kwa kicheko. Yeye hakucheka. Kakaa mbele, kashika mfuniko wa sufuria, ndio usukani. "Hatuondoki mpaka kamanda aingie." Nilimpenda sana siku ile. Hadi leo.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa! Kosa la mwanafunzi. Nimemgundisha kamanda mikono bila kumjaribu kwanza kwenye tundu la mnara, juu ya kifaru. Viwiko vimetanuka. Nimempaka rangi mpaka nyusi, ndipo najua haingii! Gundi imekauka kama jiwe. Nikajicheka, kisha nikanuna. Wenzake wawili wako ndani. Yeye nimemsimamisha mezani.

Jumapili, 9 Machi

Gari liko nje tangu saa nne. Begi limepakiwa, dawa pia. Kaka hatoki mezani. Kamshika kamanda, anamsukuma tunduni taratibu. Viwiko vinagoma.

"Baba, twende. Huyo tutamwingiza hukohuko."

"Hatuondoki mpaka kamanda aingie."

Nikamuuliza, kamanda ni nani? Akanitazama kama nimeuliza upuuzi.

"Si mdogo wangu, Kibonge! Na wewe nesi usimcheke."

Nimekimbilia jikoni, eti nafuata kisu changu cha kazi. Nimelia, nimecheka, sijui kipi kimetangulia. Kisu ninacho. Nikikwangua viwiko kidogo tu, ataingia, na wao wataondoka. Honi inalia. Kaka namsikia huko mezani, anamwambia binti yake kamanda asiharakishwe.

Kisu kiko hapa, pembeni ya daftari. Bado naandika.