Chemli ya Tatu

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje, na mvua imeshafika huko Mpwapwa? Mimi ni mzima, ila baridi ya Meru bado sijaizoea.

Mama, sitakuja Dodoma. Hatukuchaguliwa kwenda kwenye maonyesho ya sayansi.

Mada yetu ilikuwa namna ya kupima kasi ya kutanuka kwa ulimwengu. Kuna nyota ambazo zikilipuka huwaka kwa ukali unaokaribia kufanana, hivyo inayoonekana hafifu zaidi ndiyo iliyo mbali zaidi. Wataalamu hulinganisha umbali huo na kasi ya nyota hizo kutukimbia. Lakini wakipima kwa njia nyingine, kwa mwanga wa kale kabisa, wanapata jibu tofauti, na hawajajua kwa nini.

Ili kuonyesha njia ya kwanza, mimi na rafiki yangu Elirehema tulitundika chemli tatu zilizo sawa kwenye njia ya mlimani kwao Nkoaranga. Jioni tukapima mwanga kutoka chini kwa simu ya mwalimu. Hesabu ikasema chemli ya tatu iko mita tisini. Kamba tuliyopimia njia ikasema sitini. Hatukupata nafasi ya kurudia.

Siku ya mashindano jaji akauliza, "Mmekosea wapi?" Kweli nilikuwa sijui.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda kumsalimu bibi yake Elirehema. Akasema, "Ile taa yenu ya juu niliikuta inawaka, hakuna mtu. Nikashusha utambi. Mafuta hayaoti mgombani."

"Bibi, umesogeza nyota," Elirehema akasema.

"Nimesogeza? Na magoti haya?" Akacheka mpaka akashika mlango.

Nikawafikiria wale wataalamu. Huenda kuna aliyezigusa taa zao, huenda hakuna, na hawawezi kupanda kwenda kuuliza.

Bibi akatupakulia ndizi, akaniuliza, "Na wewe, mama yako utamwona lini?"

Elirehema akainamia sahani.

"Desemba, bibi," nikasema. Hatukumweleza habari ya Dodoma. Mtu mzima ameokoa mafuta ya watoto, utamwambia nini?

Nisalimie dada na mwanawe, na babu, mwambie miwani aliyoniagiza naikumbuka. Baba mdogo asikate tiketi zenu za Dodoma. Jumamosi usije stendi, mama. Sitakuwepo.

Mwanao,
Yohana