Gari la Baba na Jogoo wa Mtani

Rasbura,
Lindi.
9 Agosti 2024.

Mpendwa mdogo wangu Yahya,

Assalaam aleikum. Marahaba. Nimeitanguliza kwa sababu najua ukifungua bahasha hii kitu cha kwanza utasema shikamoo dada, nami sina subira ya kungoja ifike kutoka Mwanza. Hujambo wewe? Zuwena hajambo? Na Suleiman, ile homa ya vipindi imemwacha, au bado mnamzungusha hospitali?

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, jua likipanda anayasahau na kuanza kutusumbua sisi. Mikorosho imetoa maua, kila mtu anahesabu mavuno ambayo hajayaona. Nami sijambo, ila nimekonda kidogo, na sababu utaijua sasa hivi.

Nimeamua kuandika kwa kuwa kwenye simu, nikitaja gari tu, wewe unakuwa kazini. Barua utaisoma hata ukiwa chooni. Isitoshe humu ndani kuna karatasi inayotaka saini yako, na sitaki utie saini kitu usichokielewa.

Wosia wa Baba unaukumbuka. Alisema Landrova isiuzwe, wapewe watu wa kijiji cha Kikole iwe ya kubebea wagonjwa na wajawazito mpaka barabara kuu, iwe sadaka yake inayoendelea. Tulilia, tukaitikia, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake na gari likabaki uani likifugiwa paka. Mwaka huu nikaona basi, amana ya marehemu haikaliwi hivi. Mahakama ilikwisha kunipa usimamizi wa mirathi, fundi akalifufua gari, nikalipeleka yadi ya polisi likakaguliwe kabla ya kubadilisha umiliki.

Mkaguzi ni mama mmoja mtulivu, anajifunga kanga kuukuu juu ya sare asichafuke. Akainama mbele, akasugua kwa tambara la dizeli kile chuma kinachoshika springi ya kulia, akasoma namba ya chasisi. Akaitazama kadi. Akafungua mlango, akakisoma kibati kidogo kilichopigwa skrubu chini ya dashibodi. Kadi na kibati vilikuwa vinasema namba moja. Chasisi ilikuwa inasema nyingine kabisa. Injini haikuweza kutusaidia, maana Baba aliibadilisha zamani.

Akaniuliza, "Dada, gari hili mzee alilipata wapi?" Hakuniuliza kwa ukali, na pengine ndiyo maana liliniuma zaidi. Akanieleza kwamba namba ya chasisi hugongwa kwenye chuma chenyewe kiwandani, lakini kibati mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kukibandua na kubandika kingine. Gari lenye mifupa ya huyu na jina la yule, alisema, mara nyingi ni gari la wizi. Likabaki yadi mpaka yapatikane maelezo.

Hapo ndipo nilipokupigia, nawe ukaniambia tulikate tuliuze chuma chakavu kabla maneno hayajaenea. Yahya, nilikasirika nawe siku ile, na sikukujibu kwa kuwa ningekujibu vibaya. Mficha uchi hazai. Tungelikata lile gari, tungekuwa sisi wenyewe tumemwandika baba yetu mwizi, na hapana ambaye angekuja kulifuta neno hilo.

Mama naye alinipa lake. Alisema kama gari si la marehemu, hawezi kumpelekea mumewe sadaka ya mali ya mtu. Watu wa Kikole watapanda, watashukuru, na kule aliko itamfikia nini? Nakuficha nini mdogo wangu, kuna siku nilianza kumshuku Baba. Nikawa nakumbuka safari zake za Kipatimu, alizokuwa akirudi na matope mpaka kwenye kofia, najiuliza alikuwa akienda kufanya nini. Mtu aliyenifundisha kurudisha hata sindano ya jirani, nami nakaa kitandani kumpekua. Niliona haya mno.

Mwisho Mama akasema, "Nenda kwa Ambrosi. Gari lile lilikuwa linalala kwake kuliko hapa." Alisema huku amekunja uso. Unajua alikuwa na kinyongo naye. Mtani mkubwa wa Baba, Mkristo wa watu ambaye Baba hakuweza kumaliza mwezi bila kumtukana, halafu hakuja kumzika. Tulimzika Baba hapana mtani aliyezuia jeneza njiani, hapana aliyetudai chochote, kimya kama tunamzika mgeni. Masika ilikuwa imekata barabara, tulijua, lakini moyo wa Mama haukuijua barabara.

Basi nikapanda Kipatimu. Barabara sikusimulii, kiuno changu bado kinaisimulia. Mzee Ambrosi amechakaa, macho yamefifia, anaishi na binti yake Dativa. Hata kabla sijakaa alimtuma Dativa kumwita jirani Mwislamu aje achinje kuku, ili nile bila wasiwasi. Nikamwamkia, nikampa habari za Mama, kisha nikamweleza habari za namba, kwa aibu, kama mtu anayemshitaki baba yake mwenyewe.

Alinisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akaniuliza, "Kibati kimebanduka pembe moja, kama kimetafunwa?" Nikasema ndiyo. Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na Dativa akaja kumpiga mgongoni.

Kibati kile ni chake, Yahya. Wakati mama yake Ambrosi alipofariki, Baba alikwenda msibani kufanya utani wake, kama ilivyo haki ya mtani. Wengine walichukua mikeka, wengine masufuria, ili vikombolewe. Baba akaona hayo ni madogo. Akachukua bisibisi, akabandua kibati cha Landrova ya Ambrosi, akakipiga kwenye ya kwake, na cha kwake akakipiga kwenye ya Ambrosi. Kisha akasimama mbele ya waombolezaji, akatangaza kwamba tangu siku hiyo gari zima ni lake, na lile bovu lake amemwachia mfiwa limfute machozi. Akitaka lake alikomboe kwa jogoo, amlete mwenyewe mpaka Lindi.

Ambrosi akakataa kukomboa. Akasema mtani hamtishi. Na Baba akakataa kurudisha, kwa kuwa mtani harudishi kitu kisichokombolewa. Wewe ulikuwa mdogo, lakini mimi nakumbuka wakikutana, Ambrosi alikuwa akisema, "Gari langu halijambo?" na Baba akimjibu, "Limekukataa, limesema unanuka." Tulidhani ni maneno tu ya wazee.

Kosa likaja baadaye. Zilipobadilishwa zile namba za zamani za TZ, kila mmoja kwa wakati wake alikwenda kuandikisha gari lake upya, akasoma kibati kilichokuwa machoni, kama walivyofanya watu wote, akaandika. Hapana aliyekumbuka kusugua chasisi. Utani ukaingia kwenye serikali.

Ambrosi mwenyewe hakulijua hilo mpaka niliposema mimi. Dativa akaleta kadi yao, tukatoka kwenda kulitazama gari lao, limekaa nyuma ya jiko, kuku wanalala ndani. Tukasugua. Ile namba iliyo kwenye kadi yetu ilikuwa imegongwa kwenye chasisi yao. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, pale pale kwenye kinyesi cha kuku. Baba hakuwa mwizi.

Lakini furaha ilinikauka mdomoni. Dativa alisimama na kadi mbili mikononi, akasema taratibu, "Kwa hiyo kwa karatasi, dada, lile linalotembea ni letu. Nanyi hili banda ndilo lenu." Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamtazama mzee aseme neno, naye akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Hayo ndiyo matatizo ya kuwa na watani, huwezi kujua wapi mzaha umekwisha. Na wana haki ya kufikiri, ndugu yangu. Wana mgonjwa ndani, gari lao limekufa, na sheria imewaletea zima mlangoni. Mkaguzi alikwisha kuniambia kwamba bila wao kuapa mbele ya hakimu, mimi peke yangu maneno yangu ni hadithi.

Nikarudi Lindi. Nikamweleza Mama yote. Kwa habari ya Baba na bisibisi alitabasamu. Akaniambia nisimpigie Ambrosi, nisimtume mtu, kwa kuwa haki ya kukomboa ni yake na haki ya kukataa pia ni yake. Tukakaa hivyo, askari wa Kilwa wakaenda kulikagua gari la Kipatimu na kuandika walichokiona, na Ambrosi bado kimya. Nilikuwa nasali, naomba, halafu namlaumu Baba kwa mzaha wake, halafu naomba tena.

Jumanne iliyopita mkaguzi akaniita yadi, akasema kuna mzee amekuja analeta fujo. Nikaenda na Mama. Tukamkuta Ambrosi amelala chali mbele ya Landrova, mikono kifuani kama maiti, anawaambia askari gari hilo haliendi popote mpaka mwenye nyumba aje. Dativa kasimama pembeni na jogoo kwapani, jekundu hilo, limefungwa miguu, linawatazama polisi kwa dharau.

Mama akajua mara moja cha kufanya, sijui magoti aliyasahau wapi. Akamtazama yule jogoo juu na chini. "Huyu ndiye jogoo? Gari zima kwa njiwa huyu? Marehemu Abilahi wangu angeona haya kumla!"

Ambrosi akajibu bila kuinuka, "Abilahi alikuwa hali, alikuwa anafukia. Mpokee, mama, kabla sijaghairi."

Askari wakacheka, mkaguzi akajifunika uso kwa kanga. Mama akampokea jogoo. Ndipo Dativa alipomwinua baba yake, na mzee akatoa bisibisi mfukoni, na kibati chetu kilichokuwa kwenye gari lake kimefungwa ndani ya leso. Hakukubali fundi amsaidie. Alibandua kile cha pembe iliyotafunwa kwa mikono yake mwenyewe, skrubu moja moja, akapiga chetu mahali pake. Kisha akakaa kwenye ngazi ya mlango wa gari, ameshika kibati chake, akalia. Mzee mzima, Yahya, analia yadi ya polisi.

Alisema kwamba ilipokatika barabara, na habari za msiba zikamfikia baada ya maziko, alijiambia Abilahi hawezi kufa moja kwa moja hali bado anamdai jogoo. Atakuja tu siku moja, atamtukana, atamwambia leta jogoo wangu. Ndiyo maana siku ile nilipokwenda alijifungia. Dativa alitaka gari, ni kweli, na waligombana. Lakini mzee hakuwa anafikiria gari. Alijua akikomboa tu, mchezo umekwisha, na mwenzake amekufa kweli. "Sasa nimemzika," akasema.

Mama akakaa naye pale pale kwenye ngazi, akampa pole, naye akampa Mama pole, na kinyongo sikukiona tena. Siku ya pili waliapa mbele ya hakimu, yeye na Dativa, kwamba magari ni mawili na kila moja lina mwenyewe. Kadi zinasahihishwa. Jogoo tulimla wote, Dativa akachukua paja, nami sikumnyima.

Kilichobaki ni saini yako, kwamba wewe kama mrithi huna pingamizi gari liende Kikole. Wameshatupigia wanauliza, wana mama mjamzito ambaye miezi yake inakaribia. Tia saini pale penye alama ya kalamu nyekundu, uitume kwa basi.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo hasa lililonikalisha kuandika. Wakati wa kuondoka, Ambrosi alisimama mlangoni kwetu, akauliza kama mtoto aliyeachwa shuleni, "Sasa nani atanitukana?" Mama akamwambia, "Yupo Yahya."

Mzee akafikiri. "Huyo wa Mwanza anajua kutukana?"

"Hajui," Mama akasema, "lakini utani unarithiwa kama shamba. Atakuja, atajifunza."

Akafurahi mno, mdogo wangu. Ameanza kukungoja. Hali yake si nzuri, Dativa aliniambia kwa siri, na masika ijayo barabara itakatika tena. Saini ni kitu cha bahasha, lakini mtani hazikwi kwa bahasha. Njoo umtukane angali hai.

Msalimie sana Zuwena, mwambie dagaa wa bahari nitawapakia ukirudi. Mbusu Suleiman, mwambie bibi yake anataka kumwona kabla hajaota ndevu. Mama anakusalimu, Dativa pia anakusalimu ingawa hamjuani. Mwenyezi Mungu akulinde barabarani, akufungulie ruhusa kazini, akufikishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, mwenye kukupenda na kukungoja,

Zakia