Mpishi Mpya wa Bata Watatu

Aldersley, 6 Oktoba

Mama mpenzi,

Habari za Barmouth, na nyonga yako inasemaje siku hizi? Mama mdogo Enid bado anakoroma? Sisi huku wazima, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika soksi. Gareth anakusalimu. Anasema Aprili anaiona mbali, utadhani harusi yetu ni ya miaka kumi ijayo.

Najua simu huitaki, kwa hiyo habari nakuwekea hapa. Bata Watatu imefunguliwa! Miaka miwili baa ile imekaa na kufuli tangu ulipoondoka, sasa moshi unatoka tena. Tulikwenda Jumapili mchana tukakuta mbwa wamejaa chini ya meza, na mzee Wilf kakaa kitini kwake karibu na moto, bia mkononi. Jikoni yuko mama mmoja, Petra Hollis, mtu wa Leeds. Nilikula pai ya nyama iliyopikwa kwa bia nyeusi. Mama, nilikula mpaka nikafungua kifungo cha suruali. Wilf akanipigia kelele, "We Tamsin, sahani yenyewe uiache!" Halafu akasema kijiji hakijaonja pai kama ile tangu enzi zako.

Nilijua utafurahi.

Mwanao,
Tamsin

Barmouth, 10 Oktoba

Mwanangu Tamsin,

Salamu zimefika. Nyonga ipo, Enid anakoroma, bahari nayo inamwitikia. Hatujambo.

Nimefurahi. Tena sana. Niambie tu, gamba la hiyo pai ni la siagi au la mafuta ya nguruwe? Kama ni siagi, Wilf asinitaje. Na chini lilikuwa kavu, au lilikuwa limelowa kama karatasi ya chipsi? Mchuzi je, hakuujaza unga? Wapishi wa mjini wana haraka, wanadhani uzito wa mchuzi unatoka kwenye pakiti.

Nimepika katika jiko lile miaka ishirini na sita, na sikumbuki hata siku moja ulifungua kifungo.

Mama yako

Aldersley, 19 Oktoba

Mama mpenzi,

Natumaini baridi haijaanza kukusumbua. Mimi nina mafua kidogo, si ya kulaza mtu.

Mafuta ya nguruwe. Chini kavu. Mchuzi hauna unga wa ziada. Nilimuuliza mwenyewe, akataka kujua kwa nini nauliza kama mkaguzi. Nikamwambia mama yangu ndiye aliyekuwa mpishi hapa. Basi akavua aproni akanivalisha mimi. "Ingia ndani," akasema, "maneno tutaongea huku tunafanya kazi."

Sasa kila Jumamosi asubuhi niko naye jikoni. Amenifundisha kusukuma unga bila kuutesa. Juzi alinishika vidole akasema, "Una mikono ya baridi, haiyeyushi mafuta. Mikono ya pai hii!" Sijawahi kuambiwa nina mikono mizuri ya kitu chochote.

Na jingine, Mama: chakula cha harusi tutakula Bata Watatu. Tumemwomba Petra apike, amekubali.

Mwanao,
Tamsin

Barmouth, 22 Oktoba

Tamsin,

Sisi wazima.

Mikono hiyo nimekuzaa nayo mimi. Mimi niliipata kwa bibi yako, naye aliipata kwa mama yake. Petra hajakupa kitu, kakuonyesha tu ulichotoka nacho nyumbani.

Harusi iwe njema. Mwambie basi akufunge na shela, na kanisani akae kiti cha mbele alie, maana kiti cha mama wa bibi harusi ni kimoja, na naona mwenyewe kashapatikana. Mimi nitabaki hapa na Enid.

Mama yako, kama bado neno hilo lina kazi

Aldersley, 8 Desemba

Mama,

Afya yako sikuulizi. Mama mdogo ameniandikia kwamba u mzima na unanuna. Hii ni barua yangu ya tatu, mbili hukuzijibu.

Nitasema mara moja. Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa nakaa kwenye ngazi, kati ya mapipa ya bia na mlango wa jiko lako. Nilikuwa nakusikia ukicheka humo ndani. Nyumbani kwetu, juu ya baa, hukuwa unacheka hivyo. Nikigonga, unasema, "Juu, Tamsin, kasome." Nilidhani siku moja utachoka kusema. Hukuchoka.

Wewe unamwonea wivu Petra tangu Oktoba. Mimi nililionea wivu jiko utoto wangu wote. Njoo harusini au usije, lakini usiseme nimekutupa. Niliyekuwa nje ya mlango ni mimi.

Tamsin

Barmouth, 17 Januari

Mwanangu,

Umepitishaje sikukuu? Mafua yaliisha? Mimi nyonga inauma, na safari hii nimejitakia.

Juzi Jumatano, saa ambazo najua uko kazini, nilipanda treni mpaka Shrewsbury, kisha basi, nikaingia Bata Watatu na kofia ya Enid imenifika machoni. Wilf aliniangalia, akarudia bia yake kama hanijui. Mungu ambariki. Nikaagiza pai.

Nilikwenda kutafuta kosa. Nilianza pembeni, nikaligeuza gamba chini juu, nikanusa. Petra akatoka jikoni akaja kusimama mezani.

"Ina tatizo, mama?"

"Chumvi," nikamwambia. Uongo mtupu.

Akacheka. "Wateja wangu hawakagui pai kwa chini. Wewe ni Beryl."

"Nani kakuambia?"

"Vidole vyako. Nakutana navyo kila Jumamosi."

Niliweka uma chini, Tamsin. Si kwa sababu yake. Kwa sababu ya zile ngazi.

Siku zote nimejiambia nilikufukuza mlangoni ili usome, usije ukaungua mikono kama mimi, niliyetiwa jikoni nina miaka kumi na moja. Hilo ni kweli, lakini si lote. Duniani nilikuwa na chumba kimoja tu ambamo watu walinisikiliza, na sikutaka kugawana na mtu. Hata na wewe. Sasa mtu mwingine kagawana nawe siku ya kwanza, tena bila kujikaza, na ndicho kilichonichoma.

Pai yake ni nzuri kuliko yangu. Nimeandika mara moja, usiningoje niandike tena. Na apike hiyo harusi. Mimi nitakaa kiti cha mbele.

Ila kuna pudingi ya plamu ambayo bibi yako alinifundisha na ambayo pale Bata Watatu sikuipika hata siku moja. Njoo Jumamosi ya tarehe ishirini na tano. Jiko la Enid ni dogo, watu wawili wakigeuka wanagongana, basi tutagongana. Enid nimeshamwambia atafute pa kushinda kutwa.

Nitakachokufundisha, Petra usimpelekee.

Mama yako