Alama ya Shingo ya Kushoto

Jumatatu, 4 Agosti

Chai. Dawa ya presha. Kuku wa jirani wameingia tena kwenye chakula cha mbuzi, nimewafukuza kwa fimbo. Mjukuu wangu Sahra hakutoka kunisalimia. Yuko kwenye kompyuta tangu alfajiri.

Ngamia wa mchezo wake wa kompyuta anazunguka tena. Nimemwona kwa macho yangu. Alikuwa anatazama kaskazini, kidogo upande wa kushoto. Akatakiwa atazame kaskazini, kidogo upande wa kulia. Kazi ya kugeuza shingo tu. Yeye akazungusha mwili mzima, akapitia kusini, ndipo akafika. Kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Nimemwambia Sahra, ngamia wangu hawafanyi hivyo. Na hawa ni ngamia wangu. Amewachora kwa maneno yangu, nundu, midomo, kope. Wale wa Hadado waliomalizwa na ukame. Mchezo wenyewe ni kuwaswaga kutoka Hadado mpaka mto Tana bila kumpoteza hata mmoja. Mimi niliifanya safari hiyo kweli, mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai hapa Garissa.

Kampuni ya Nairobi inamtaka Sahra akafanye kazi kwao. Wiki ijayo Alhamisi wanakuja kuona mchezo ukumbini. Baba yake, mwanangu, ni marehemu, kwa hiyo ruhusa ni yangu. Nilisema mbele ya watu wa nyumba: ataenda ngamia wakitembea kama ngamia, bila kosa, mbele ya watu. Neno langu halirudi nyuma.

Sitaki aende. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Jumanne, 5 Agosti

Ameeleza. Duara lina nyuzi mia tatu sitini. Uzi wa mia tatu hamsini na uzi wa kumi ni majirani. Kompyuta haijui. Inatoa moja kwa nyingine, inaona ziko mbali, inachukua njia ndefu.

Nikauliza kwa nini wanakipa kazi kitu kisichojua jirani yake.

"Ndiyo maana niko hapa, awoowe," akasema, kama mjukuu anayembembeleza babu.

Sikuelewa. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kwa hilo hakuna anayenishinda.

Jioni ngamia aligeuka kwa njia fupi. Safi kabisa. Nikafurahi. Halafu nikakumbuka Nairobi, nikakasirika. Na chai ilikuwa imepoa.

Alhamisi, 7 Agosti

Kosa jipya. Nimeligundua mimi. Ngamia akienda moja kwa moja anatembea, akienda mshazari anakimbia. Sahra alitaka kubisha. Akatazama vizuri. Akarudi kwenye kibodi.

Anasema anampa hatua moja ya mashariki na hatua moja ya kaskazini kwa pamoja. Zikiungana si hatua moja tena, ni karibu moja na nusu. Akanipangia njiti za kiberiti sakafuni. Nikasema ni uongo, njiti hazichungi mifugo.

Nimetoka uani na kamba. Nimepima zizi la mbuzi, upande huu, upande ule, halafu pembe kwa pembe. Kamba ya pembe ikawa ndefu kuliko upande wowote. Nikapima tena. Bado ndefu. Kamba hii imevutika.

Binti yangu Halima alikuwa anapita. "Aabo, unawapimia mbuzi kanzu?"

Nikamwambia aende zake.

Ijumaa, 8 Agosti

Mshazari umekwisha. Kuna kitu amegawanya. Sijui amekigawanya kwa nini.

Baada ya sala nimewaambia wazee waje Alhamisi wawaone ngamia wangu ukutani. Wote waje. Dubow alikuwepo. Dubow na mimi tunabishana tangu tukiwa wachunga ndama. Babu zetu walikuwa ndugu. Walipogawana ngamia walibaki na alama moja ya chuma cha moto, mstari na nukta. Sisi shingo ya kushoto. Wao shingo ya kulia. Huko malishoni mtoto mdogo anajua hilo. Ukikosea upande, umeiba.

Dubow akasema, "Ngamia wa kompyuta hata maziwa hawana."

"Wako wana miguu minne, na maziwa hawana vilevile."

Wazee walicheka. Nilishinda mimi.

Jumapili, 10 Agosti

Sahra ameweka alama leo. Iko kulia. Wallahi, shingo ya kulia, ngamia wote.

Nilipiga kelele. Nilimuuliza Sahra, Dubow amekupa nini. Machozi yakamtoka, akasema aliichora kushoto, kama nilivyomwambia, na akanionyesha picha. Kweli, kwenye picha ni kushoto. Ngamia akiingia kwenye mchezo, ni kulia. Ni alama ileile. Kichwa kinaniuma.

Anasema dunia yote ya mchezo imegeuka kama kwenye kioo. Ushahidi ni jua. Unatoka Hadado kushuka Garissa, jua la asubuhi liwe mkono wa kushoto. Kwenye mchezo linachomoza kulia. Jua nililiona juzi. Nikaliacha, jua ni kazi ya Mungu. Alama ni yangu.

Alitaka atafute kioo kiko wapi. Nikasema usitafute, hamisha alama.

"Awoowe, hapo nitakuwa nimeficha ugonjwa, sijautibu."

"Hamisha."

Amehamisha.

Jumatatu, 11 Agosti

Alama iko kushoto. Ngamia wanageuka vizuri, wanatembea vizuri. Jua linachomoza magharibi, lakini nani atalitazama.

Sahra haongei na mimi. Mimi pia siongei. Hakuna kosa lililobaki. Nimetafuta siku nzima.

Alhamisi, 14 Agosti

Asubuhi ameniamsha akicheka. Amekipata kioo. Alisahau alama ya kutoa, moja tu, kistari kidogo kuliko kucha ya ndama. Ameiweka, dunia imenyooka, jua liko mashariki. Akafunga kompyuta, tukakimbia kutafuta tuk-tuk. Hakuna aliyetazama shingo. Yeye kwa furaha, mimi kwa huzuni.

Ukumbi ulijaa. Wageni wa Nairobi mbele, wazee wangu nyuma yao. Taa zikapunguzwa. Ngamia wakatokea ukutani, wakubwa kama nyumba. Walitembea. Ya Rabbi, walitembea kama wale. Jua likachomoza kushoto.

Alama kulia.

Nafikiri alipoigeuza dunia, alama niliyomlazimisha aihamishe iligeuka nayo. Nimejaribu kwa viganja vyangu mpaka sasa. Sijui tena mkono upi ni upi.

Dubow akasimama. "Jamani, nashukuru! Mzee mwenzangu amenichungia ngamia wangu mpaka Tana na hakumpoteza hata mmoja!"

Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Sahra hakucheka. Aliniangalia mimi tu. Alikuwa anakumbuka neno langu. Bila kosa, mbele ya watu.

Ningekaa kimya tu. Angebaki nyumbani, ningekunywa chai yake mpaka nife.

Nikasimama.

"Hakuna kosa hapa. Ngamia hawa nimempa Dubow. Nawatoa leo, nyote ni mashahidi. Mjukuu wangu amewapiga alama ya mwenye mali mpya."

Mtu akipewa ngamia mbele ya watu hawezi kukataa, hawezi kumcheka aliyempa. Anapokea na kuomba dua. Dubow aliweka fimbo chini. Akainua mikono. Akaniombea mimi, akamwombea Sahra na safari yake, akawaombea mvua ngamia wa ukutani. Wazee wakaitikia amina. Wageni wa Nairobi nao amina, hawajui wanaitikia nini.

Nani mwingine Garissa anaweza kutoa kundi zima kwa pumzi moja? Hakuna.

Njiani Sahra ameniuliza, "Awoowe, ulipanga tangu mwanzo?"

Nikasema ndiyo. Sikupanga kitu. Miguu ilisimama yenyewe.

Jumatatu, 25 Agosti

Chai nimepika mwenyewe. Maziwa yamemwagika kwenye jiko. Kuku wa jirani wamekuja, nimewaacha.

Sahra aliondoka Jumamosi kwenda Nairobi. Ameniachia mchezo kwenye simu yake ya zamani.

Baada ya Asri Dubow amekuja. Amekaa, ametazama ua, amekohoa. Mwisho akauliza hali ya ngamia wake. Nikampa simu. Aliishika juu chini. Nikamgeuzia.

Tumewaswaga kidogo, mimi kidole, yeye maneno. Karibu na kisima mmoja akageuza shingo kutazama nyuma. Kwa njia fupi. Dubow akasema yule anafanana na yule mama wa ndama wengi niliyekuwa naye zamani. Ni yeye. Sikumwambia.

Akauliza kwa nini jua liko upande ule.

Nikamwambia ndiko linakochomoza.

Alikunywa chai yangu mbaya yote. Anasema atarudi kesho, tuwafikishe kwenye maji.