Maneno ya Kwenye Mlango wa Friji

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Methodi kamvunja mkewe mkono. Mwanangu wa kumzaa. Naandika hivyo hivyo kabla sijaanza kupambapamba.

Na mimi leo nilirudi nyumbani na habari nyingine kabisa. Thelathini na nane kwa arobaini! Mtihani wa yale maneno ya Kiingereza yanayotembea mawili mawili — get up, put on, fall down. Mimi, darasa la saba la Kibosho, miaka sitini na moja. Irankunda, Mrundi ninayekaa naye dawati moja, kapata ishirini na sita na sekondari kamaliza. Nilitaka Mama Nella awe wa kwanza kuona, maana mwalimu wangu hasa ni yeye. Jepchumba, mkwe wangu Mkenya, nesi. Kila siku akitoka zamu ananiandikia kadi tano, anazibandika kwenye friji, na chai sipewi mpaka nizitamke zote. Huku ugenini Penrith wakwe wa namna hiyo wako wangapi?

Saa kumi na moja jioni Methodi akaingia. Bandarini walimweka foleni na lori lake saa nne nzima. Akauliza chakula. Mama Nella akasema kiko jikoni, pasha, mimi nawahi zamu.

Basi. Akamshika nywele, akambamiza uso kwenye friji. Akarudia. Kadi zangu zikamwagika. Akaupinda mkono kwa nyuma — niliusikia ukivunjika, kama kuni kavu. Alipokuwa chini akampiga teke la mbavu na buti lake la kazi, lile lenye chuma. Mimi nimeshika mwiko. Nikasema, Methodi, baba, jamani. Nilichofanya ni hicho tu.

Aliyepiga simu polisi ni Nella. Ana miaka saba.

Walikuja wawili, mmoja mwanamke. Akachuchumaa mbele yangu, akauliza nini kimetokea, akataka kutafuta mkalimani wa kwenye simu. Nikamwambia hapana, naweza.

"She fell down."

Akanielewa papo hapo. Mwaka mzima hapa, Mzungu wa kwanza kunielewa bila kunirudishia swali. Na ulikuwa uongo.

Nella akanitazama. "Bibi. No, she didn't."

Wakaondoka naye baba yake.

Jumatano, 6 Agosti

Mama Nella karudi kutoka hospitali. Plasta mpaka juu ya kiwiko, jino moja halipo, jicho limefunga kabisa. Nimempikia mtori, supu yetu ya ndizi. Ananywa kwa mrija.

Methodi wamemwachia, analala kwa rafiki yake huko karibu na bandari. Wameleta karatasi ya mahakama, kurasa nne. Sikuisoma. Karatasi ni mambo ya Wazungu, ndoa ni mambo ya watu.

Nimeitisha kikao. Jumamosi saa nane mchana, hapa hapa nyumbani. Mzee Ogutu, ambaye ndiye aliyesimama upande wa binti wakati wa mahari, kasema, "Hiyo ni kazi ya wazee, mama. Tutafika." Na watu wa Moshi walioko huku. Tisa jumla. Kwa kupanga kikao hakuna wa kunifundisha, hata Kibosho walikuwa wananifuata.

Isale nimepata. Kwetu anayeomba msamaha huja na jani hilo, na ukiletewa hukatai. Jirani wa nyuma amelipanda kando ya uzio kama pambo tu, hajui alichonacho. Nikamwomba matawi mawili. Nikampigia Methodi, nikamwambia aje mapema alichukue.

Baba yake, Mungu amrehemu, aliniletea isale mwaka themanini na sita. Nikapokea. Akaniletea na themanini na nane. Nikapokea. Meno yangu yote ninayo, ukiondoa mawili.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama Nella kayaona matawi kwenye ndoo.

"Mum, ni nani wanakuja Jumamosi?"

Wazee tu, nikamwambia.

"Na yeye?"

Nikaongeza maji kwenye ndoo.

"Mum. Akikanyaga hapa anafungwa. Na mimi nikishika hiyo majani yenu, siku ingine ataniua. Chagua ni gani unataka."

Hakupaza sauti. Akakaa mezani, akaandika kadi kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama zimelewa. Tano, kama kawaida. Knock down. Hold down. Kick in. Pass out. Speak up. Akaeleza moja moja kwa Kiswahili, taratibu, kama anamweleza mgonjwa dawa. Akabandika. Pale friji ilipobonyea hazikushika, akatafuta gundi.

"Sema zote, Mum. Chai ni baadaye."

Nilisema nne, ya mwisho ikanishinda. Nilimsubiri anionee huruma.

Chai hakunipa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeenda na ile karatasi darasani. Mimi na Irankunda tumeisoma mstari kwa mstari, kidole kwa kidole. Stay away, hiyo tunaijua wote. Mita mia moja kutoka kwenye nyumba hii. Asimsogelee mkewe, asimtumie ujumbe, asimtume mtu.

Irankunda akaniangalia. "Mama wee. Huyo mtu wa kutumwa ni wewe."

Nikampigia Mzee Ogutu, tuahirishe. Hataki. Watu wameshaomba ruhusa kazini, na wengine wanatoka mbali. Tukiogopa karatasi, vijana wetu nani atawasuluhisha?

Nikampigia Methodi. Nimemlea kwa kuuza ndizi, mtoto wa kwanza kijijini kwetu kuendesha lori la nchi za watu. Nikamwambia usije, baba, watakufunga.

"Nakuja, Mama. Nakuja kabla yao. Nitakuwa na isale mkononi, mila iko upande wangu. Akinikataa mbele za watu namvunja na ule mwingine."

Kwa sauti ya kawaida kabisa. Sauti ya baba yake.

Nikakata simu.

Kadi ya namba ya simu aliyoiacha yule polisi mwanamke ilikuwa bado kwenye friji, chini ya zile tano. Nikampigia mwenyewe. Akauliza kama nataka mkalimani. Nikasema hapana.

"She didn't fall down," nikamwambia. "He knocked her down. I saw."

Nadhani aliandika kwanza. Kisha akasema anahitaji kukaa na mimi nimweleze yote, je, nije kituoni?

Maharage ya watu tisa yamelowekwa. Matawi yako kwenye ndoo. Mama Nella kajifungia chumbani na mtoto, kiti nyuma ya mlango.

"No. You come over," nikasema.

Akauliza siku gani. Ningeweza kusema leo. Mdomo ulikuwa wazi kabisa kusema leo.

Nikamtajia siku wanayokuja wote, Methodi na wazee. Jumamosi.