Mama Mkwe Nyuma ya Mabati

Jumatatu, 3 Machi 2025
Miaka arobaini na sita naitwa mvivu, kumbe ni ADHD, ile hali ya akili kushindwa kutulia! Daktari aliniambia Januari na bado nafurahi. Lakini furaha haishoni nguo. Majoho ya kwaya ni ishirini na manne, nimemaliza mawili. Pasta Naftaly amesema yasipokuwa tayari Jumamosi anampa fundi mwingine, na kazi ya kanisa nisahau. Juzi niliacha mkono wa joho nikatengeneza redio ya jirani. Redio inaimba. Joho halina mkono.

Jumanne, 4 Machi
Fancy, kocha wangu wa hii ADHD, amepiga simu. Eti mtu kama mimi hufanya kazi vizuri mwingine akikaa karibu. Asisaidie, asiseme kitu. Akae tu. Nani sasa? Mke wangu Nasimiyu ako kazini, watoto wako shule. Aliyebaki ni mama mkwe, amekuja kutoka Bungoma kutibiwa goti, tumemkodishia chumba hapa mtaani Kaptembwo. Na sisi Wabukusu, mimi na mama mkwe chumba kimoja? Ng'o! Ni mwiko. Miaka kumi na tisa hatujaongeleshana. Kila kitu hupitia kwa Nasimiyu.

Jumatano, 5 Machi
Nasimiyu alicheka mpaka akakaa chini. Halafu kabla ya kwenda kazini akaweka kiti nyuma ya kibanda changu, akampa mamake maharagwe achambue. Mimi ndani, yeye nje, mabati katikati. Mara nne nilitaka kuinuka — nikamsikia akikohoa, nikaona aibu, nikakaa. Majoho matano! Siku moja!

Alhamisi, 6 Machi
Sita!!

Ijumaa, 7 Machi
Saba. Fancy amenikataza kusema ni bahati. Basi naandika: si bahati. Maxwel wa duka, yule huniita Fundi Kesho, alipita, akahesabu, akarudia kuhesabu. Wacha nisikie raha!

Jumamosi, 8 Machi
Imebaki kola moja. Nje kulinyamaza, nikadhani mama mkwe amelala. Kumbe! Sauti ikapita kwa mabati, polepole. Hakumwita Nasimiyu. Aliniongelesha mimi! Eti kwake ana vikapu kumi na moja, vyote ameanza kusuka, hakuna kimoja kimeisha. Eti marehemu mumewe alimwita kichwa maji mpaka akafa. Halafu akauliza kama huyo daktari wangu anapima mtu wa miaka sabini na mbili.

Nikaweka mkasi chini. Nikasema: Anapima, mama. Nitakupeleka mwenyewe.

Ameanza kulia, ama anacheka, sijui. Pasta anagonga mlango. Angoje kidogo.